Barua ya wazi kuhusu makao ya watoto: anayepita asikabidhiwe mtoto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Na wakurugenzi watendaji na waheshimiwa madiwani wa halmashauri za Mkoa wa Kilimanjaro.

Waheshimiwa, salaam.

Sisi ni kikundi cha wakazi wa Moshi Vijijini: walimu wastaafu, muuguzi, mafundi, wakulima wa kahawa na ndizi, pamoja na vijana waliomaliza vyuo na bado wanatafuta ajira. Tunajiandaa kuomba leseni ya kufungua makao ya watoto wasio na mtu wa kuwalea. Yatakuwa madogo, watoto 12 kwa wakati mmoja, na kazi nyingi za nyumba zitafanywa na watu wa kujitolea, wengi wao wa hapa hapa, wachache kutoka nje ya nchi. Kikundi kimenituma niandike, ila baadhi ya maneno humu ni yangu mwenyewe na ninayasimamia.

Barua kama hizi kwa kawaida huomba kiwanja, msamaha wa ushuru au mchango. Hii inaomba mtubane. Tuwekeeni sisi, na kila anayetaka kuendesha makao kwa nguvu za kujitolea, sharti ambalo huku kwetu silioni likisimamiwa: mtu anayekuja kwa muda na kuondoka asikabidhiwe malezi ya mtoto. Afanye kazi nyingine zote. Kumbeba mtoto, kumlisha, kumwogesha na kumlaza viwe kazi ya mtu aliyeajiriwa, ambaye mwakani atakuwepo.

Nieleze kwanza kwa nini tunataka makao kabisa, maana wapo watakaotuuliza, na wana haki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata tuliona, Kagera na kwingineko, kaya zilizobaki na bibi na wajukuu peke yao. Makao mengi ya watoto yalianzishwa kwa sababu hiyo, na waliofanya hivyo walifanya jambo la utu. Lakini dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na wazazi ambao wangekufa wako shambani leo. Vifo vya uzazi navyo vimepungua: utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Anayehitaji kitanda chetu leo si kila aliyefiwa. Ni kichanga aliyeokotwa, mtoto aliyeondolewa nyumbani kwa sababu ya ukatili, kijana wa stendi ambaye kwao hakujajulikana, na mtoto ambaye mama amefia wodini na ndugu bado wanatafutwa. Wengine, waliobaki na bibi, shangazi au kaka mkubwa, wanahitaji kusaidiwa pale pale walipo.

Ndiyo maana tumesema 12. Tukijenga mabweni ya watoto 80, tutalazimika kutafuta watoto 80, na tutawapata. Bibi yeyote aliyeelemewa akiona nyumba yenye mlo mara tatu na sare za shule atamleta mjukuu wake, kwa mapenzi kabisa. Nyumba itajaa watoto ambao kwao kupo, na yule kichanga wa Ijumaa usiku atakosa nafasi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mji wetu uko chini ya mlima ambao dunia nzima inataka kuupanda. Kuanzia Juni hadi Septemba hasa, vijana wengi wa Ulaya na Marekani hushuka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hupanda mlima, kisha huongeza wiki mbili au tatu kwenye kituo cha watoto. Wengi wao wana moyo safi. Nimefanya kazi nao shuleni na sina neno baya juu ya bidii yao. Tatizo ni kazi wanayopewa. Wanafika Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo wanakabidhiwa chumba cha watoto wa miaka miwili. Wanawabeba, wanawaimbia, wanawapa majina ya utani, wanalala nao mchana. Wiki ya tatu wanaaga kwa machozi na kundi jingine linaingia. Kwa mgeni hayo ni maagano ya mara moja. Mtoto ameagwa na watu asiowakumbuka idadi kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Katika shule ya msingi niliyofundisha walikuwepo watoto kutoka kituo cha jirani. Mwalimu wa mazoezi alipofika asubuhi ya kwanza, watoto wengine walijificha nyuma ya wenzao, kama watoto wanavyofanya. Wale wa kituo walimkimbilia, wakamshika mikono yote miwili, na mmoja akamwita mama. Walimu tulisema, jamani, watoto hawa wamelelewa vizuri, hawana woga. Kumbe mtoto mdogo asiyemwogopa mgeni hata kidogo, anayeweza kuondoka na yeyote, ni mtoto wa kuangaliwa kwa makini. Hana mtu mmoja ambaye ni wake, kwa hiyo kila mtu ni wake kwa muda.

Haya yamechunguzwa. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kazi yao Bucharest, Romania, kwa watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Waliwagawa kwa kura: nusu walipelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Walipowafuatilia, waliopata familia walikuwa mbele kwa akili, kwa lugha na kwa uwezo wa kumwambatia mlezi, na waliofaidi zaidi ni waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili. Umri huo ndio wa chumba tunachomkabidhi mgeni wa wiki tatu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi inasema watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Na tarehe 18 Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja huo lilizitaka nchi kuzuia madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo za watalii, likataja wazi kwamba zinaweza kufungua mlango wa usafirishaji haramu wa watoto.

Sharti tunaloomba lisiwe la wageni weupe peke yao. Kijana wa kwaya anayekuja kila Jumamosi na kuacha akipata kazi Dodoma, mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo, hata mimi mwenye miaka yangu: tukiwa hatuna mkataba wa kubaki, hatumlazi mtoto.

Atakayeuliza wa kujitolea atabaki na kazi gani, aje aione nyumba yenye watoto 12. Nguo peke yake ni kazi ya mtu mzima kutwa nzima, na nepi za wachanga ni jambo jingine kabisa. Kuna kuni au gesi, kuna maji siku bomba likikatika, kuna uji wa saa moja, mtori wa mchana, makande ya jioni. Kuna bustani ya mchicha na sukuma, kuku, ng'ombe wa maziwa na majani yake. Vitanda huvunjika, mabati huvuja, mifereji huziba. Kuna vitabu vya hesabu, ambavyo ndivyo huangusha vituo vingi kuliko njaa, na kijana aliyesoma uhasibu akitupa saa nne kwa wiki ametusaidia kuliko aliyeleta begi la midoli. Kuna masomo ya jioni kwa wakubwa, mlango ukiwa wazi na mlezi akiwa humo humo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomuumiza mtoto pale anayeifanya anapoondoka.

Na hapa ndipo hesabu yetu iliposimama. Kila shilingi tusiyomlipa mpishi, dobi na mtunza bustani tunaipeleka kwa akina mama walezi. Tunataka wanne, wenye mikataba ya maandishi, mshahara wa kila mwezi, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na likizo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na bado katika vituo vingi mlezi ndiye anayeambiwa ajitolee, apewe posho ikipatikana. Anakaa miezi sita, anapata kazi ya dukani, anaondoka. Hata angekuwa mtakatifu, ana watoto wake wa kuwasomesha. Tunawaomba, waheshimiwa, mkikagua kituo chochote muulize kwanza mikataba ya walezi, ndipo mkahesabu vyandarua.

Jambo la pili ni kihamba, yaani shamba la ukoo. Ninyi mlio wenyeji mnajua ninachosema, na mlioletwa huku kwa kazi naomba mnisikilize. Mtoto wa huku mlimani ana sehemu yake katika shamba la ukoo, na kwa desturi mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Wazazi wamezikwa pale pale, kati ya migomba. Mtoto akipelekwa kituoni mjini akiwa na miaka minne, halafu asionekane kwenye msiba, kwenye kipaimara cha binamu wala Krismasi ambapo kila Mchaga hurudi nyumbani, anarudi akiwa na miaka 18 na kukuta mpaka umesogezwa, wakati mwingine nyumba imeshajengwa juu yake. Hakuna aliyemfukuza. Alisahaulika tu. Kwa mtoto wa kike ni vigumu zaidi, maana hata asiposahaulika ataambiwa ataolewa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake, lakini sheria haina macho kijijini. Macho ni ya mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata.

Kwa hiyo tunaomba kila mtoto anayeingia makao yoyote mkoani hapa afunguliwe jalada lenye maelezo ya mali ya wazazi, yaliyosainiwa na uongozi wa kijiji alikotoka na angalau ndugu wawili, nakala ikibaki halmashauri. Jalada hilo liwe pia na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Msione ni karatasi tu. Kijana yatima akiomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa. Nimewaona vijana wenye alama nzuri za kidato cha sita wakihangaika kati ya kata, wilaya na hospitali kutafuta uthibitisho wa kifo cha miaka kumi na tano iliyopita, nesi aliyekuwa zamu ameshastaafu, kitabu hakipo. Karatasi hiyo ingechukuliwa wiki ile ile ya mazishi, ingekuwa kazi ndogo sana. Vijana wetu wa kujitolea wako tayari kufuatilia vyeti hivi kwa niaba ya bibi wa Kibosho, Uru na Kilema ambao hawana nauli ya kushuka mjini mara tatu kwa ajili ya mhuri mmoja.

Kuhusu wachanga waliofiwa na mama, tuna pendekezo ambalo tungependa liandikwe kwenye leseni yetu. Mtoto akiletwa, ndugu mmoja wa kike aje naye, shangazi, mama mdogo au dada aliyemaliza shule, akae nasi, ajifunze kuchanganya maziwa, kuchemsha maji, kusoma kadi ya kliniki, kutambua homa ya hatari. Akishaweza, warudi nyumbani pamoja, nasi tuendelee kupeleka maziwa. Kopo la gramu 400 halimfikishi mtoto mchanga wiki, na familia ya kibarua haiwezi kulinunua mwezi hadi mwezi. Mara nyingi mtoto huyo hana shida ya kukosa ndugu. Ana shida ya kopo la maziwa. Mwenye pikipiki anayejitolea kupandisha maziwa Old Moshi kila Jumamosi anazuia mtoto mmoja kuingia kituoni, na hilo kwetu ni la thamani kuliko kitanda kipya.

Sasa niseme la maofisa wetu. Hakuna makao yatakayokuwa salama kama afisa ustawi wa jamii hafiki. Yeye ndiye anayechunguza familia, anayeandika taarifa ya mahakamani, anayetafuta walezi wa kuaminika na familia za malezi ya kambo, yaani zinazompokea na kumlea mtoto asiye wao, anayefuatilia aliyerudishwa nyumbani. Ofisa huyo huyo ana kesi za ndoa, wazee, ukatili, talaka na watoto walio kizuizini, na mara nyingi hana mafuta ya pikipiki. Waheshimiwa madiwani, bajeti ya halmashauri ni mikono yenu. Wekeni fungu la usafiri wa ustawi wa jamii lisiloweza kuhamishwa kwenda mbio za mwenge wala sherehe. Ninasema hili kwa heshima, nikijua shughuli hizo zina umuhimu wake, lakini mtoto aliyerudishwa kwa mjomba bila mtu kwenda kumwona baada ya mwezi ametupwa mara ya pili.

Picha nazo. Kila mwezi wa Desemba makampuni, vyama na wanasiasa hupeleka mchele, sabuni na mafuta kwenye vituo. Tunashukuru mchele. Lakini watoto hupangwa mstari, huimbishwa, na sura zao huwekwa mitandaoni zikiwa na neno yatima chini yake, zikae huko hadi watakapokuwa watu wazima wenye wachumba na waajiri. Kwetu picha za watoto zitakatazwa kwa mgeni yeyote, awe mfadhili, awe mheshimiwa. Tungefurahi agizo hilo lingetoka kwenu, ili lisionekane kiburi cha kikundi kidogo cha wastaafu.

Majirani wametutangulia. Rwanda, nchi iliyobaki na mayatima wengi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilihesabu mwaka 2012 watoto na vijana 3,323 katika vituo 33, na mwaka uliofuata ikaanza mpango wa Tubarerere Mu Muryango, wa kuwalea watoto kwenye familia. Iliandaa familia za kulea vijijini, ambazo huko huziita malayika murinzi. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii. Sisi Tanzania tuna Sheria ya 2009, tuna Kanuni za Makao ya Watoto na za Malezi ya Kambo za 2012, tuna walezi wa kuaminika waliosajiliwa katika baadhi ya halmashauri. Maneno tunayo. Kinachokosekana ni kuyasimamia huku chini.

Ningeombwa maoni yangu binafsi, ningesema nanyi msisimamishe vituo vyote leo. Kichanga akiokotwa Ijumaa jioni mlangoni pa kanisa, polisi na muuguzi wanahitaji mahali pa kumpeleka usiku huo, na familia ya malezi ya kambo haipatikani kabla ya ofisi kufunguliwa Jumatatu. Wapo pia wachache ambao kwa ugonjwa, ulemavu au hatari iliyoko nyumbani watakaa muda mrefu. Hao ndio wa nyumba yetu. Ila kila mtoto awe na mpango wa kutoka ulioandikwa ndani ya siku 30 za kuingia kwake, upitiwe na afisa ustawi kila miezi mitatu, na kituo kisichokuwa na mipango hiyo kisihuishiwe leseni.

Tunayoomba, basi, ni haya. Kamishna atoe mwongozo unaowazuia watu wa muda kufanya malezi ya moja kwa moja katika makao yote, na unaotaka hati ya polisi ya tabia njema kwa kila anayejitolea, Mtanzania na mgeni. Kwa mgeni, iwe ya nchi yake, na kibali cha ukaazi cha daraja C badala ya viza ya utalii. Uhamiaji na ustawi wa jamii wa mkoa wabadilishane majina ya wanaoingia vituoni. Halmashauri zilipe vyeti vya RITA kwa watoto waliofiwa wasio na uwezo, na zianze kuandikisha familia za malezi ya kambo katika kila tarafa, tukianza na zetu: katika kikundi chetu kaya tano zimekubali kuchunguzwa. Na sisi wenyewe, mtupe leseni ya miaka ya mwanzo yenye masharti haya yote ndani yake, mtunyang'anye tukiyavunja.

Ukaguzi wetu usisubiri barua wala ratiba. Mje mchana au usiku, muanze na daftari la mishahara ya walezi, kisha majalada ya watoto, kisha jikoni. Tunaomba jibu kwa maandishi kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, nasi tutalibandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ili kila mzazi na kila mlezi alisome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya kikundi
Moshi Vijijini, Kilimanjaro